Moto wa Matanga Ndani ya Mizinga

Nyuki walianza kukosekana siku nilipofua nguo za mume wangu kwa mara ya mwisho.

Hapa Idunyanga nguo za marehemu hufuliwa na mjane kabla ya kugawiwa ndugu. Nilizibeba kwa beseni hadi kijitoni, kwenye jiwe letu la kufulia. Jiwe hilo lina nyuki wake. Tangu nilipoolewa kijijini hapa nimewakuta wakija kunywa maji ya sabuni yanayotuama kwenye vishimo, na kila mwanamke amejifunza kufua huku akiwapisha: unasugua, unasubiri, unasuuza. Siku ile nilisugua shati la kazi la Lutengano, lenye nta iliyoganda kwenye mikono, nikalisuuza, nikalikamua, nikalianika juu ya kichaka. Nilipoinua beseni tupu ndipo nikatambua kwamba sikuwa nimempisha hata mmoja.

Jua lilikuwa limetoka. Sakitu ya asubuhi, ile baridi nyeupe inayolala juu ya majani kama chumvi, ilikuwa imeshayeyuka. Wiki chache nyuma nyuki walikuwa wakiruka hata juu ya sakitu yenyewe, nasi tukasema kwa furaha kwamba mwaka huu kipupwe hakiwawezi. Sasa maji ya sabuni yalikuwa yametulia vishimoni na juu yake hapakuwa na kitu ila vivuli vya mawingu.

Nyumbani niliwasha kisanduku. Kila mfugaji wa hapa ana kisanduku ukutani, na ndani ya kila mzinga kuna sikio, kitu kidogo kama punje ya mahindi, linalosikiliza nyuki na kuleta mvumo wao nyumbani, na kwa mwenyekiti wa chama, pamoja na kipimo cha joto. Lutengano alikuwa akikiacha kikivuma wakati tunakula. Tangu afariki nilikuwa nimekizima, maana sikuweza kuisikiliza peke yangu sauti tuliyozoea kuisikiliza wawili.

Nilizungusha kitufe hadi mzinga wa kwanza. Kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu ulivuma kwa mbali, kama mtu anayeguna usingizini. Na chini ya kila mmoja kisanduku kiliandika maneno yale yale: Joto ni zuri.

Niliufungua mzinga wa kwanza bila bomba la moshi. Hapakuwa na wa kutuliza. Joto lilinipiga usoni, joto jema kama la jikoni. Nyuki walikuwa wamekufa wakiwa wameingiza vichwa ndani ya vyumba vya masega, mikia nje, mstari kwa mstari, kama watu waliofia kwenye sufuria wakiilamba.

*

Joto lile lilikuwa kazi ya mume wangu.

Miaka ile mikondo ya bahari ya kusini ilipogeuka, nyanda zetu zilianza kupata vipupwe ambavyo wazee hawakuwa na majina yake. Nyuki wa porini walikwisha. Wa mizingani nao walikuwa wakifa kila mwaka, na mitufaha yetu ikatoa maua bila kutoa matunda, maana ua la tufaha lisipofikiwa na nyuki hudondoka tu. Kijiji kinaishi kwa matufaha. Vyombo vya angani vinavyokuja kuyabeba kila Februari havitui mahali pasipo na mzigo.

Ndipo Lutengano akafinyanga kifukuto. Ni bamba la udongo, pana kama sinia, ila ni udongo ulio hai: ndani yake wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho, wanakula molasi na kutoa joto. Bamba linawekwa chini ya masega. Ukililisha linaishi na kunenepa. Likipoa kabisa linakufa, na likifa haliamki. Kila kifukuto kilimegwa kutoka kwa kingine, kama hamira, hadi kila mzinga wa Idunyanga ukawa na chake. Kwa miaka minane hatukupoteza makundi ya nyuki zaidi ya yale ya kawaida.

Lutengano alifariki mwishoni mwa Aprili, kwa homa ya mapafu. Uani kwetu uliwashwa moto wa msiba. Moto huo hauzimwi, wala jivu lake halitolewi, hadi matanga yaondolewe. Matanga huondolewa na ndugu wa tumbo moja, na wa Lutengano aliyebaki ni mmoja, kaka yake Ezekia, ambaye anafanya kazi kwenye meli zinazovuta barafu kusini kabisa mwa dunia. Meli yake hairudi kabla ya Septemba.

Siku ya mazishi Mama Agnela Sanga, mwenyekiti wa chama chetu cha wafugaji, alisimama kando ya kaburi akiwa ameshika kifundo cha kanga yake kwa mikono miwili.

"Mtu huyu alitupa moto," alisema. "Basi hadi Ezekia afike, kusipoe kifukuto hata kimoja Idunyanga. Vilishwe vizuri. Kila mzinga uwe ua wa msiba, na desturi ya uani iwe ndiyo desturi ya mzingani."

Watu walisema, "Na iwe hivyo." Mimi nililia. Sijawahi kuona mtu akipewa heshima kama ile.

*

Kufikia katikati ya Juni kila nyumba ilikuwa na mzinga uliokufa. Mama Agnela alituma nyuki waliokufa kwenye maabara ya mkoa, na majibu yalipokuja aliyaleta kwangu yeye mwenyewe. Tulikaa uani, karibu na moto. Jivu lake lilikuwa limepanda hadi kuwa kama kichuguu.

Kabla hajafungua mdomo, sauti ilitoka njiani.

"Mke wangu, umepika nini leo? Maana mume wako wa kwanza ameniachia majukumu makubwa na tumbo tupu."

Alikuwa Festo Chaula, mtoto wa shangazi yake Lutengano, na kwa hiyo mtani wake. Mtani ana ruhusa msibani. Siku ya mazishi Festo alivaa kofia ya wavu ya Lutengano na kuzunguka kati ya waombolezaji akiiga mwendo wake wa kuchechemea. Aligonga milango ya watu akiomba chai, akachovya vidole kwenye kopo tupu na kujifanya ananyunyiza, huku akisema kwa sauti ile ile nzito ya marehemu, "Jivu la siafu, mama. Jivu la siafu tu." Wazee waliokuwa wakilia walicheka huku machozi yakiwatoka.

"Festo, kaa chini," Mama Agnela alisema. "Leo si siku ya mzaha."

"Mama Mwenyekiti, siku ya mzaha ikipangwa na mwenyekiti inakuwa kikao."

Nilimpa kikombe cha chai. Mama Agnela alisubiri anyamaze.

"Maabara wanasema hawana ugonjwa," alisema. "Hawana sumu. Matumbo yao hayana kitu. Wanasema ni njaa."

"Njaa?" nilisema. "Mwaka huu hakuna aliyevuna, Mama. Kwa sababu ya msiba tumewaachia asali yote."

"Ndivyo nilivyowajibu. Wakasema wao wanapima nyuki, hawapimi desturi." Alikunja vidole vyake. "Watu wanaanza kusema maneno, mwanangu. Wanasema nyuki wanamfuata mwenyewe. Sisemi naamini. Lakini nimelea nyuki tangu utotoni, na sijaona nyuki aliyekufa kwa njaa ndani ya nyumba yenye joto na chakula."

Festo alikuwa akiangalia ndani ya kikombe chake.

"Na wako, Festo?" Mama Agnela aliuliza. "Sikio la mzinga wako halijaleta sauti tangu Mei."

"Wangu?" Alicheka, ila kicheko hakikufika popote. "Wangu walikufa wa kwanza kabisa. Unafikiri nyuki wa Chaula wangeweza kufa wa mwisho? Hata kufa ni kazi."

Alimaliza chai yake na kuondoka bila kuomba ya pili.

*

Julai ilipoingia, makundi yaliyobaki hai kijiji kizima yalikuwa tisa, mawili yakiwa kwangu. Nilikuwa nikiyalisha molasi mabamba yao kila siku, asubuhi na jioni, kwa mkono wangu. Nilikuwa nimeamua kwamba hayo mawili hayatakufa.

Siku moja nilikuwa jiweni nikifua kanga zangu za msiba. Nilikuwa nimesahau kabisa kupisha. Nyuki mmoja alitua kwenye kishimo, karibu na kidole changu.

Nilisimamisha mikono. Alikuwa mzito, mwenye manyoya, tumbo limejaa. Nyuki wangu waliobaki walikuwa wamekonda na kung'aa kwa kupoteza manyoya kwa kazi nyingi. Huyu hakuwa wa kwangu. Alikunywa kwa utaratibu, akapanda juu, akazunguka mara moja na kwenda moja kwa moja, kama nyuki anavyokwenda nyumbani, kuvuka kijito na kupita juu ya mianzi.

Upande ule kuna nyumba moja tu.

Nilimkuta Festo akigema ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, akiwa na kibuyu mkononi. Aliponiona nimeloa hadi magotini hakutania.

"Shemeji," alisema. Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

"Nimemfuata nyuki, Festo."

Aliweka kibuyu chini. Alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli ambako sakitu ilikuwa haijayeyuka, na pale ulikuwa mzinga wake, umefunikwa gunia. Niliweka kiganja juu ya mbao. Zilikuwa baridi kama jiwe. Kisha niliweka sikio langu hapo. Ndani, kwa chini sana, kulikuwa na mvumo, sauti moja iliyoshikana kama ya watu wengi wanaosali bila kufungua midomo.

"Inua," alisema.

Nilijaribu kuinua upande mmoja. Haukusogea. Ulikuwa umejaa asali.

"Kifukuto changu kilikufa Mei," Festo alisema. Alikuwa akiongea na gunia. "Nilipata ulanzi mzuri, nikalala nao. Nilipoamka nikakumbuka sijakilisha, na nilipokigusa kilikuwa baridi kama pua ya mbwa. Kifukuto cha binamu yangu, Shemeji. Msibani kwake. Mama Agnela amesema kisipoe hata kimoja, na mimi, ambaye nilivaa kofia yake, nimekiua kwa ulevi. Nikang'oa sikio ili kisanduku kisiwaonyeshe watu baridi. Nikangoja nyuki wafe ili niseme walikufa kama wengine." Alifuta pua kwa kiganja. "Hawafi. Kila siku nawatazama. Hawafi."

Tuliufungua kidogo, kiasi cha kuchungulia. Nyuki walikuwa wamejikusanya katikati ya masega kama ngumi iliyofumbwa. Wale wa nje walikuwa wakitetemesha mabawa, na wale wa ndani tusingeweza kuwaona. Hapakuwa na majana, watoto wa nyuki, hapakuwa na yai hata moja. Malkia alikuwa amepumzika. Na pande zote za ile ngumi palikuwa na asali iliyofunikwa kwa nta, haijaguswa.

Nilikaa chini kwenye majani yenye sakitu.

Nadhani nilielewa yote kwa mara moja, ingawa kuyapanga kumenichukua muda. Nyuki wakisikia baridi hukumbatiana, malkia huacha kutaga, nao hula kidogo kidogo hadi maua yarudi. Nyuki wetu hawakuisikia baridi. Ndani ya mizinga yetu ilikuwa Novemba, mvua zimekwisha kunyesha, na malkia alitaga kila chumba. Majana hula. Wakala asali yote. Kisha wakatoka kutafuta maua juu ya sakitu, na ndiyo yale tuliyoyafurahia. Waliotoka hawakurudi. Waliobaki walilamba vyumba vitupu hadi wakafia humo, katika joto zuri.

Lakini kwa miaka minane vifukuto havikuwa vimeua nyuki.

"Festo," nilisema, "niigizie tena. Kama siku ile."

"Nini?"

"Lutengano. Alivyokuwa akipita nyumba za watu."

Hakutaka. Kisha alisimama, akachechemea hatua mbili, akagonga hewa. "Hodi wenyewe. Chai ipo?" Akaweka mkono mzingani, akainamisha kichwa, akangoja. Akachovya vidole kwenye kopo ambalo halikuwepo. "Jivu la siafu, mama. Jivu la siafu tu..."

Mkono wake ukabaki hewani.

Sote tulikuwa tumemwona akifanya vile kila wiki ya kila kipupwe. Tulidhani anakuja kwa ajili ya chai. Jivu lile alikuwa akilinyunyiza kwenye miguu ya mzinga, kweli, na siafu hawakupanda. Lakini kwanza aliingiza mkono ndani na kulibana kidogo kwenye bamba. Jivu huwapunguzia nguvu wale vijidudu, kama chumvi inavyoipunguza hamira. Alikuwa akivipoza vifukuto, kidogo kidogo, hadi vikawa na joto la kuzuia kifo tu na si joto la kuamsha malkia. Sidhani alikuwa akificha. Mpishi hasimulii kwamba amepunguza kuni. Anapunguza tu.

Huenda tungeendelea kulinyunyiza wenyewe kwa ajili ya siafu, lakini msibani jivu halitolewi motoni. Desturi ya uani tuliipeleka mzingani. Tangu Aprili hakuna aliyeweka jivu kwenye kifukuto chochote, na kila mtu, kwa upendo, alikilisha chake hadi kikanenepa.

"Waambie wewe," nilimwomba Festo. "Mtani hashikwi neno."

"Utani ni wa kumcheka marehemu, Shemeji. Hili ni la kumwambia Mama Agnela kwamba heshima yake ndiyo iliyoua nyuki." Alifunika mzinga kwa gunia, taratibu, kama anayemfunika mtoto. "Kwa hilo sina kofia ya kuvaa."

*

Niliporudi nilichota jivu kwenye moto wa msiba. Nilijua ninachovunja. Nililipaka kwenye bamba la mzinga wangu mmoja, nikangoja, nikapaka tena. Lilikaa juu kama vumbi juu ya tanuri. Bamba lilikuwa nene mara mbili ya lilivyopaswa, na kiganja hakikuweza kulivumilia. Lutengano alikuwa akianza Aprili. Mimi nilikuwa katika Julai, na mizinga yangu miwili niliweza kuiinua kwa mkono mmoja.

Ilibaki njia moja, kuyatoa mabamba kabisa. Nje ya mzinga, bila pumzi ya nyuki, kifukuto hakiishi siku nyingi. Kingekuwa kifo cha kila alichokiacha mume wangu. Na baridi ya ghafla ingeua majana yote, na makundi dhaifu pamoja nayo, na hakuna ajuaye ni yapi. Nikiyaacha mabamba, wote wangekufa taratibu, wakiwa na joto. Nikiyatoa, baadhi yao wangekufa kwa mkono wangu.

Nilimpigia simu Ezekia. Sauti yake ilikuja ikikatika, ikipita kwenye upepo wa huko aliko. Nilimweleza yote.

"Shemeji," alisema, "mimi sikumzika. Nilikuwa nafunga kamba kwenye mlima wa barafu wakati mnamfukia. Kitu kinachonishikilia huku ni kwamba nitakuta moto wake unawaka, mahali pote, kama mlivyoniambia. Usiuzime. Ningoje."

"Nyuki hawatangoja, Shemeji."

"Basi usiniulize mimi," alisema, na alikuwa akilia. "Usimwulize mtu ambaye bado hajazika."

*

Niliwaita watu uani kwangu Jumapili baada ya ibada. Walikuja wakiwa wamejifunga mablanketi, wakakaa kuuzunguka moto. Mama Agnela alikaa kwenye kigoda chake, karibu na kichuguu cha jivu. Sikuwa nimewahi kusema mbele ya watu wengi. Nilisimama nikawaambia habari za jivu, za malkia, za asali iliyokwisha. Nilisema kila neno huku nikimwangalia yeye, kwa sababu niliona ingekuwa dhambi kuyasema nikiangalia pembeni.

"Kwa hiyo ni sisi," alisema mmoja nyuma.

"Ni desturi," alisema mwingine. "Huwezi kuilaumu desturi."

"Una ushahidi gani, mama?" aliuliza wa tatu, bila ubaya. "Vifukuto vyote vimewaka, nyuki wote wamekufa au wanakufa. Tutajuaje kwamba wangeishi na baridi? Baba zetu waliona wakifa na baridi."

Ushahidi haukuwa wangu kuutoa. Nilitazama chini, na moto ukapasua kuni moja, na watu wakaanza kunong'ona kwamba mjane amechoka na asihukumiwe.

"Wangu wako hai," alisema Festo.

Alikuwa amesimama langoni, hajaingia. Mkononi alikuwa na bamba lake lililokufa, limepasuka katikati, la kijivu. Alilileta mbele ya watu wote na kuliweka chini karibu na miguu ya Mama Agnela.

"Nililewa," alisema. "Nililiua Mei. Mzinga wangu hauna moto tangu hapo, na hauinuliki kwa asali. Nendeni mkauone. Mtanifanya mtakavyo baadaye."

Hakuna aliyecheka. Vijana wawili walikwenda, wakarudi mbio, wakatikisa vichwa kukubali.

Mama Agnela alilishika lile bamba, akalipangusa vumbi kwa kanga yake. Uso wake ulikuwa umezeeka tangu nilipoanza kusema. Nilisogea nikapiga goti mbele yake.

"Nisamehe, Mama. Ulimheshimu kuliko mtu yeyote."

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Nimewapikia wageni chakula kikaungua. Mtu haombwi msamaha kwa kuambiwa kinanuka." Kisha akawaambia watu, kwa sauti yake ya kikao. "Ezekia ameomba moto usizimwe. Hatuuzimi. Kila mtu akatoe kifukuto chake, walio na nyuki hai na walio na mizinga mitupu. Vileteni hapa. Moto wake ukae pamoja na moto wake."

Walikwenda, wakarudi mmoja mmoja, kila mtu amebeba bamba ndani ya blanketi kama anayebeba mtoto mchanga. Waliyapanga kuuzunguka moto wa msiba, yakiegemeana, na mvuke ukapanda kutoka kwenye udongo. Mimi nilitoa ya kwangu mwisho. Nilipoinua la mzinga wa pili, nyuki wachache walipanda juu ya kidole changu. Hawakuniuma. Niliwarudisha kwenye masega, nikafunika.

Festo alifungua mzinga wake siku ile ile na kugawa masega yake ya asali kwa makundi mengine tisa. Alijiachia kiasi cha kuwatosha nyuki wake hadi maua. Akipita nyumba moja hadi nyingine alikuwa akisema, "Pokeeni sadaka ya mlevi," na watu walimpa chai.

*

Mama Agnela sasa anapita kila wiki. Haweki mkono mzingani, anaweka sikio lake tu juu ya mbao, na halafu anakunywa chai.

Ezekia anarudi Septemba, wiki ambayo mitufaha huanza kuchanua. Nimempelekea habari kwamba moto aliouomba unawaka, na kwamba atauona wote mahali pamoja. Sijamwambia kwamba mabamba yamekwisha kupasuka. Tuliyalisha molasi pale pale uani hadi yakakataa, na la mwisho kupoa lilikuwa la kwangu.

Makundi yaliyobaki Idunyanga ni matano. Mizinga yao haina moto, ila inavuma. Leo asubuhi kuna sakitu.